Kengele ya Mkia

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijaenda mbali, katika mji mmoja wa Unyamwezi wenye baiskeli nyingi kuliko viti, mwanamke aitwaye Nyamizi alimwambia mumewe, "Baba Sofia, kengele yangu inacheza. Hebu ikaze." Mihambo, mumewe, akachukua bisibisi, akaikaza. Nyamizi akaipiga mara mbili, kri-kri, akacheka, akaingia ndani kupika. Hilo lilikuwa jambo la mwisho la kawaida nyumbani mwao. Usiku ule homa ikaja, na kabla ya wiki kuisha Nyamizi alikwishazikwa.

Sasa sikilizeni Nyamizi alikuwa nani.

Katika mji huo kulikuwa na msafara. Jumamosi watu walitoka na baiskeli zao, wake kwa waume, wakaenda pamoja mpaka bwawani, wakala nyama ya mbuzi, wakarudi. Hawakuwa na shida iliyowapeleka huko. Ilikuwa raha tu. Lakini raha ile ilikuwa na taratibu. Atangulie mmoja, na asipitwe. Barabara ikiwa nyembamba, mstari uwe mmoja. Anayeona shimo aseme "Shimo!", na wa nyuma yake aseme "Shimo!", mpaka neno lifike mwisho. Mtu asifunge breki ghafla mbele ya mwenzake. Na mwisho kabisa awepo mkia, yaani mtu asiyempita yeyote, hata aliye mbele yake akienda kama kobe.

Mkia alikuwa Nyamizi. Kila waliposimama, kiongozi aliita, "Mkia!" Nyamizi alijibu kwa kengele, kri-kri. Maana yake: nyuma yangu hakuna mtu, twendeni.

Baada ya arobaini, wenzake walimwendea Mihambo. Aliyesema ni Kalunde, mshonaji, rafiki wa marehemu.

"Shemeji, msafara bila mkia ni kundi la mbuzi. Tupe kengele tumfungie mtu mwingine. La sivyo tuache kutoka, kabla hatujapoteza mtu njiani."

Mihambo alikwisha kuifungua kengele kwenye baiskeli ya mkewe. Alikuwa akitembea nayo mfukoni. Akasema, "Tutoke Jumamosi. Atakayewaangalia wenzake kama alivyowaangalia yeye, nitamfungia kwa mkono wangu."

Jumamosi ikafika. Aliyetangulia alikuwa Shija, kijana mwenye kupenda nguo nyeupe, na siku hiyo alikuwa mweupe kuanzia kofia mpaka soksi.

"Breki?" akauliza.

"Zipo!"

"Upepo?"

"Upo!"

"Masikioni?"

"Hamna kitu!"

"Kalunde, mdomo?"

"Huo hauna breki, kaka. Twende!"

Wakaenda. Wakaimba. Walipofika kwenye kilima, mnyororo wa Veneranda ukakatika. Veneranda alikuwa muuguzi mgeni mjini, na ile ilikuwa safari yake ya kwanza. Walio mbele walikuwa wakiimba, hawakusikia. Aliyegeuka ni mmoja tu, Babu Ndaki, mzee mwenye miguu ya chuma na sauti ya kifaranga.

"Babu, nenda tu, nitawafikia," Veneranda akasema.

"Utawafikia na nini, mjukuu wangu? Na mnyororo uliolala barabarani kama nyoka?"

Babu akaita. Sauti yake haikufika hata kwenye kichaka cha pili. Angeweza kupanda haraka akawaambia, lakini hakutaka kumwacha binti mgeni peke yake porini. Akashuka, akakaa naye.

Kule juu ya kilima Shija akasimama, kama ilivyo desturi. Na kwa desturi hiyohiyo akaita, "Mkia!"

Kimya.

Watu wakatazama mikono yao. Mihambo alikuwa katikati yao, mkono wake uko mfukoni, umeishika kengele, na mkono hautoki. Kalunde akauona ule mkono. Akakunja midomo, akalia kwa nguvu, "Kri-kri! Kri-kri!"

Watu wakacheka. Wengine walicheka huku wakifuta macho. Shija akainua mkono, msafara ukaondoka.

Mteremko wa kilima kile unaishia kwenye daraja jembamba lisilo na kingo. Shija alipokata kona, aliona daraja limejaa ng'ombe, pembe hadi pembe. Nyuma yake watu wanashuka kwa kasi. Akifunga breki, wa pili atampanda, wa tatu atampanda wa pili. Shija akainua mkono, akapiga kelele, "Ng'ombe! Polepole!" Neno likapita mdomo kwa mdomo, "Ng'ombe! Polepole! Ng'ombe! Polepole!" Naye mwenyewe, badala ya kusimama, akaiacha barabara, akaingia kwenye jaruba la mpunga na nguo zake nyeupe. Walio nyuma wakapata nafasi, wakapunguza mwendo, wakasimama wote salama.

Shija akaibuka rangi ya chungu.

"Kaka," Kalunde akamwita, "leo nimekuona mzuri kuliko siku zote. Hebu usiguse shati langu."

Wakafika bwawani. Mbuzi akachomwa, kila mtu akapewa mshikaki wake. Ikabaki miwili kwenye sinia. Mmoja akasema, "Leo mchomaji ana huruma." Wakacheka. Kalunde hakucheka. Aliitazama mishikaki ile, akatazama watu, akaweka chini wa kwake haujaumwa hata mara moja.

"Babu Ndaki yuko wapi? Na yule muuguzi?"

Hakungoja jibu. Akapanda baiskeli, akarudi peke yake, akaupanda mteremko ule juani, mtu mnene asiyependa milima. Aliwakuta upande wa pili wa kilima. Veneranda alikuwa akiendesha polepole baiskeli ya Babu. Babu alikuwa akisukuma ile mbovu na kusimulia habari za ujana wake. Kalunde akafunga kanga yake kwenye keria, akaivuta baiskeli mbovu mpaka juu, kisha wakateremka kwa miguu, wote watatu.

Walipofika bwawani, nyama ilikuwa imepoa na ubishi wa nani apewe kengele umepamba moto.

Shija alisema, "Bwana Mihambo, mimi nimejitupa topeni ili watu wasivunjike. Marehemu alikuwa akisema uhai wa wa nyuma uko mikononi mwa wa mbele. Kengele ni yangu."

"Wa mbele hajui hata idadi ya walio nyuma!" Babu Ndaki akasema. "Mimi nilikaa. Nimekosa nyama, nimekosa kivuli, sikutumwa na mtu. Mkia ni yule anayebaki. Kengele ni yangu."

"Ulibaki, babu, lakini hakuna aliyejua kama umebaki," Kalunde akasema. "Mngelala huko. Mimi nimewafuata. Nimeacha nyama ya moto, mimi, Kalunde! Kengele ni yangu."

Shija akaruka. "Yako? Si wewe uliyelia kri-kri tukaondoka? Umewaacha wewe mwenyewe!"

Kalunde akajibu polepole, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile. "Nililia. Nilimwona shemeji na mkono wake mfukoni, nikashindwa kuvumilia ule ukimya. Nimekosea. Lakini wewe, kaka, ulijua ni mdomo wangu, na ukainua mkono."

Shija akajikwangua tope shingoni.

Wakamgeukia Veneranda. "Muuguzi, sema wewe. Uliyeachwa ni wewe."

Veneranda alikuwa akila mshikaki baridi kwa furaha kubwa. Akafikiri. "Babu alipokaa, sikuwa peke yangu. Lakini yeye naye alikuwa na wasiwasi. Nilimsikia, hadithi zilikuwa zikimkatika katikati. Dada Kalunde alipotokea, ndipo nilipojua tutafika. Na kama Kaka Shija asingeingia topeni, labda Dada Kalunde angekuwa amelala darajani na mguu umevunjika. Sasa nimchague nani?"

"Huyu muuguzi au wakili?" Babu Ndaki akauliza.

Wote wakacheka, na wote wakamtazama Mihambo. Mihambo akatoa kengele mfukoni. Wengi walikuwa hawajaiona tangu msiba. Akaigeuza mkononi.

"Kesho," akasema.

Walirudi mstari mmoja, Veneranda akivutwa kwa kanga, jua likiwa mgongoni. Shija akatangulia. Walipofika juu ya kilima akasimama, akafungua mdomo aite, akaufunga. Akashuka, akatembea mpaka nyuma, akimgusa kila mtu begani, kisha akarudi mbele na wakaendelea.

Asubuhi yake Mihambo alichukua bisibisi ileile. Akatoka na kengele mkononi, si mfukoni. Akaenda mpaka nyumba ya mmoja wa wale watatu, akaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani, akaifunga kengele kwenye usukani, akaikaza isicheze. Akaipiga mara mbili, kri-kri, na mwenye nyumba akatoka mbio.

Basi ninyi mliosikia yote, tangu bisibisi ya kwanza mpaka ya pili, semeni: aliyetoka mbio alikuwa nani? Na je, ndiye aliyestahili?