Siku Pelagia Alipong'oa Kijiti

Kijiti hubana, kidole huhama.

Mmemsikia baba yenu akimwambia Fokasi maneno hayo asubuhi, alipomkuta anakariri majibu ya usaili aliyoandikiwa na rafiki yake, na sasa mmekuja kuniuliza yametoka wapi. Mmefika penyewe. Methali hii ina mwenyewe, naye ni mdogo wangu Pelagia, bibi yenu yule mnayemkimbia kwa sababu hukagua masikio ya kila mtu. Kaeni basi. Na wewe Fokasi, usijifanye hukusikia, sogea.

Katika ukoo wetu, huku milimani Mgeta, binti akiolewa hatoki nyumbani kimyakimya. Mama yake mkubwa husimama mlangoni akaimba, akiwaita mama zake binti huyo: kwanza aliyemzaa, kisha bibi yake, kisha mama wa bibi, mpaka wa nne. Kila jina jipya, sauti hupanda kidogo, kwa kuwa anayeitwa yuko mbali zaidi. Bibi harusi havuki kizingiti mpaka wa mwisho ameitwa. Wimbo huo hauanzwi mara mbili. Ukikatika umekatika, na ambao hawajatajwa hawatatajwa tena kwa ajili yako mpaka unaingia kaburini.

Zamani uliimbwa kwa ngoma, na ngoma haijali sauti imepanda wapi. Aliyeleta gitaa ni mjomba wetu Gaspari, na vidole vyake vilipanda pamoja na mwimbaji bila mtu kuona vimepanda saa ngapi. Lakini mwaka nilioposwa mimi, Mjomba alipigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa ganzi. Akabaki Pelagia, msichana wa miaka kumi na saba, mwanafunzi wake wa pekee.

Pelagia alijua mengi. Kilichomshinda kilikuwa kimoja: kukilaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita, kizibane zote kwa pamoja, huku vidole vingine vitatu vikifanya kazi yao. Wanaojua husema hapo ndipo wengi huliuza gitaa. Alibana mpaka ncha zikavimba, na bado nyuzi mbili zilikoroma, moja ikawa bubu.

"Usikikandamize kama unaua chawa," Mjomba alimwambia. "Kigeuze kidogo, utumie ubavu wake wenye mfupa. Kidole gumba kikae nyuma ya shingo. Halafu vuta kwa mkono mzima."

Miezi mitatu alivuta, miezi mitatu nyuzi zikakoroma. Mwisho akachoka. Akakata kipande cha penseli, akakifunga juu ya nyuzi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kijiti kikabana nyuzi zote sita, safi kabisa, na vidole vyake vikawa huru. Mjomba alikitazama, akatikisa kichwa.

Mtauliza kwa nini hakuna aliyemzuia. Ni kwamba katika mazoezi majina hayatajwi. Ni mwiko kuwaita wazee bure, kisha uwaambie ulikuwa unajaribu. Kwa hiyo Mama Mkubwa Veneranda aliimba mwanzo tu, sauti ikiwa pale pale, na kijiti kilitosha. Pelagia alipanga kukisukuma mbele kati ya jina na jina. Alidhani patakuwa na nafasi.

Siku ikafika. Nilisimama mlangoni nimefunikwa kanga mbili, sioni hata miguu yangu, nasikia tu. Gitaa likaanza, tamu. Mama Mkubwa akamwita mama yangu, "Benadeta!" Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akapanda kumwita bibi yangu: "Sikujua!"

Gitaa halikupanda. Sauti ikaenda juu, gitaa likabaki chini, na vitu hivyo viwili vikagombana mpaka meno yakaniuma. Nikasikia mpira ukivutwa, penseli ikikwaruza nyuzi, halafu gitaa likanyamaza. Mama Mkubwa alilishikilia jina la bibi yangu, akalirefusha, akalirefusha, mwanamke wa miaka sitini na nane! Nilianza kulia. Nilijua pumzi ile ikiisha, nitaondoka nimeitiwa mama wawili tu.

"Kijiti hubana, Pelagia!" Ilikuwa sauti ya Mjomba, nzito kwa ule ugonjwa. "Kidole ndicho huhama! Kitupe!"

"Mjomba, siwezi!"

"Nani amekuuliza? Vuta kwa mkono mzima!"

Nikasikia kijiti kikianguka sakafuni. Mlio wa kwanza ulikuwa kishindo tu, kama mtu aliyepiga debe. Wa pili ukakoroma. Wa tatu, wajukuu zangu, ukatoka mzima. Nyuzi sita, zote, chini ya sauti ya Mama Mkubwa, zikambeba.

"Mwavita!" Gitaa likapanda. "Chausiku!" Likapanda tena, kidole kikiteleza shingoni bila kuziachia nyuzi, nami nywele zikanisimama. Chausiku ndiye wa nne. Hapo ndipo wimbo huisha, na hata Mjomba hakuwahi kupita hapo. Nikainua mguu nivuke.

Mama Mkubwa hakunyamaza. Akapanda tena, juu kuliko nilivyowahi kusikia mtu akiimba, akaita: "Mkami!"

Uani kote hakuna aliyelijua jina hilo. Wazee wakavua kofia. Gitaa likamfuata hadi huko, likakaa naye mpaka alipomaliza, nami nikavuka kizingiti nikijua kwamba kuna mtu wa mbali mno amegeuka kunitazama.

Baadaye nilimuuliza Mama Mkubwa kwa nini aliendelea. Akajibu, "Jina hilo nilipewa na bibi yangu, nikakosa wa kunifikisha huko juu. Siku ile nilisikia gitaa linakuja nyuma yangu, haliachi. Nikaenda."

Pelagia alikuwa amekaa chini, kidole kina mfereji mwekundu toka ncha hadi shina, anakitazama kama si chake.

Mwaka uliofuata nilijifungua binti. Mnadhani mama yenu aliitwaje Mkami?

Haya, Fokasi, yaache hayo makaratasi ya watu uende na kichwa chako. Kijiti hubana, kidole huhama.