Sajenti wa Kilimani na Lile "Nimekupata"

Najua hamtaniamini, na ninyi wa viti vya nyuma nawaona mmeshabenua midomo. Bisheni tu! Shule mimi niliikimbia mapema, ila mfano kama huu, mleteni mwenye joho lake tuone kama anao.

Kulikuwa na kikosi kimoja cha mawasiliano jeshini, kikosi kikongwe. Kilianza na matarishi wa miguu. Tarishi akipewa neno la kamanda, haondoki mpaka alirudishe: alitamke lote mbele ya aliyemtuma, ndipo akimbie. Zikaja bendera, zikaja nyaya za simu za kuburuta porini, na mtindo ukabaki uleule, rudisha neno. Halafu ikaja redio, kila mtu akawa bingwa. Kurudisha neno kukaonekana mambo ya kizee. Ukiitwa unajibu, "Nimekupata, ova," yaani nimesikia, zamu yako, basi, umemaliza kazi.

Sasa juu ya kilima kimoja aliwekwa sajenti, apokee maneno ya upande huu ayarushe upande ule. Mtu huyo alichoka, ndugu zangu. Si uchovu wa kulala ukaisha. Kila akiomba mtu wa kumpokea zamu, makao makuu humwambia, "Subiri." Buti zilifunguka midomo, akazifunga kwa waya wa simu. Sikio liliota sugu kwa hedifoni. Mtoto wake alizaliwa, akasimama, akaanza kukimbia, na yote hayo baba mtu aliyasikia redioni tu.

Adhuhuri moja redio ikakoroma. Walikuwa walinzi wa mtoni.

"Kilima, Kilima, unanisikia?"

"Nakusikia, sema," akajibu, macho kayafumba.

"Mto umekula daraja. Msafara wa malori uzuiwe. Narudia, msafara uzuiwe!"

"Nimekupata, ova."

Koplo aliyekuwa akichemsha chai pembeni akageuka. "Afande, wanasemaje?"

"Akina nani?"

"Si hao uliowajibu sasa hivi!"

"Aa, wewe nawe. Wanauliza kama tupo. Tupo. Hebu mimina chai."

Je, alidanganya? Hata! Mdomo wake ulishazoea kujibu bila kuliuliza sikio.

Huko mtoni walinzi wakashusha pumzi. Si wameambiwa wamesikika? Wakaacha barabara, wakaenda kuanika nguo zao. Alasiri malori yakaja kwa kishindo, la mbele likakata kona, likatumbukia. Kwa neema ya Mungu watu walitolewa hai, mmoja mguu umevunjika. Lori likaenda na maji, msafara ukageuza kurudi ulikotoka.

Mnamsonya sajenti, eeh? Msonyeni vizuri. Maana asubuhi hii mzee wetu wa kanisa ameomba hapa mbele, na sisi tukaitikia "Amina!" mpaka bati likalia. Haya, mama mwenye kitenge cha njano, ameomba nini? Kaka wa kwaya, wewe uliyepaza kuliko wote? Mbona unafunua kitabu cha nyimbo?

Ameomba tumkumbuke mjane aliyeezuliwa paa na upepo. Tukasema Amina. Nimekupata, ova! Na mjane huko aliko ametulia, anajua kanisa limesikia.

Tumechoka, najua. Jembe wiki nzima, wagonjwa nyumbani, karo za watoto. Hata mimi msemaji hodari nimechoka. Lakini kuanzia leo, kabla hujasema Amina, rudisha neno. Lirudishe moyoni mwako, ulijue, ndipo ukimbie nalo.

Ila mnisamehe, kuna kipande niliwaficha. Yule aliyevunjika mguu alikuwa sajenti mwingine, yuko na begi lake, anapanda kilimani kumpokea mwenzake zamu. Na habari hiyo ya kuja kwake makao makuu walikuwa wamempa yule wa kilimani, redioni, asubuhi ileile.

Alijibuje? Aa, mnajua wenyewe alivyojibu.