Bwana Aliyechungulia Tanuri

Wapendwa, kaeni vizuri, na mama wa pale nyuma amfungue mtoto mgongoni apate hewa, maana leo naanza na makosa yangu mwenyewe. Mimi mnayeniona nimesimama hapa kwa ujasiri, nikiwa safarini hupapasa mfuko wa koti kila baada ya hatua kumi, nione kama pasi ya kusafiria ipo. Pale mpakani Kasumulu askari mmoja alinitazama nikipapasa na kupapasa, akaniletea kiti. Alidhani mchungaji anaumwa moyo. Pasi ilikuwepo muda wote, na nilipokaa kwenye kile kiti nikaipapasa tena.

Kwa hiyo bwana nitakayewasimulia, nikimcheka najicheka.

Alikuwa mkulima wa huko milimani kwenye baridi, mwenye mke, watoto wanne na mama mzee. Nyumba ya mama ilianguka kwa mvua za mwaka uliotangulia, ukuta wa udongo ulilowa ukalala chini, na mama akachukuliwa na binti yake aliyeolewa kijiji cha tatu kutoka pale. Alitunzwa vizuri. Lakini wazee wetu mnawajua. Kulala kwa mkwe, hata upewe godoro jipya, ni kulala ugenini. Alikuwa na ombi moja tu: arudi kwenye kiwanja chake, alikozikwa mumewe, apate chumba kimoja chenye mlango wake. Mwanawe akamwahidi kwamba mvua hazitamkuta kwa mkwe.

Akafyatua matofali kiangazi chote. Mwaka wenyewe ulikuwa mbaya. Mahindi yalikauka yakiwa ya magotini, mtoto wa pili alilazwa wiki mbili, na mama huko aliko akaanza kukohoa. Mtu mwenye mwaka kama huo hutafuta kitu kimoja cha kukikazia macho. Yeye alilikazia macho tanuri.

Wachoma matofali mlio hapa mnajua. Unapanga matofali mabichi kama nyumba isiyo na mlango, unaacha midomo chini ya kuingizia magogo, unakandika tope pande zote. Unachoma siku tatu. Kisha unaziba ile midomo na unaondoka, na kwa wiki mbili hugusi kitu. Fundi aliyemchomea, mtu wa maneno mengi, alinawa tope mikononi akamwambia: "Bosi, sasa tanuri halikuhitaji. Nenda kaishi na mkeo."

Je, alienda? Wewe ungeenda?

Siku ya kwanza aliweka kiganja ukutani. Kuna joto. Akarudi ndani, akanywa chai nusu kikombe, wazo likamjia: nje kuna joto, lakini ndani je? Labda moto umezimika upande wa upepo. Akatoboa mdomo mmoja, tundu la kupita ngumi, akachungulia, akaona wekundu. Akaziba, moyo ukatulia. Ulitulia kwa muda wa kumaliza ile chai. Kisha likaja wazo la pili: lile tundu nimeliziba sawasawa? Akaenda kulibonyeza, na kwa kuwa tope lilikuwa bichi, likadondokea ndani. Akaziba upya. Na hili la sasa je, limeshika? Na midomo mingine mitatu, ambayo hakuichungulia, kuna nini humo?

Kufika siku ya nne alikuwa anaacha ugali mezani. Mkewe akamfuata, akasimama naye mbele ya tanuri.

"Baba Tumpe, unaona nini saa hizi ambacho hukukiona asubuhi?"

"Sioni kitu."

"Basi twende ndani ukale."

"Nitaendaje, na sijaona kitu?"

Mnacheka, na nusu yenu simu ziko mkononi.

Siku ya nane alikuja shemeji yake, mume wa yule dada, na ujumbe. Mama amesema mwanawe afike Jumapili. Kifua kimempa nafuu, siku mbili hizi anakula, ana maneno yake anataka kumwambia mwenyewe. Bwana akajibu kwamba atakwenda, bila shaka atakwenda, siku ileile atakayofungua tanuri.

"Kwani shemeji, tanuri litahama?" yule mtu akauliza.

Mwenzake alikuwa amekwisha kuchutama kwenye tundu.

Jumapili ikapita. Wiki mbili zilipotimia fundi akarudi, wakaanza kubomoa. Tofali lililoiva ukiligonga hulia kama sufuria. Fundi aligonga la kwanza, halikulia, likamkatikia mkononi. La pili vilevile. Kuanzia midomoni kwenda ndani, safu kwa safu, yalikuwa na nyufa kama visigino vyangu. Yule fundi wa maneno mengi akaviweka chini vile vipande, akauliza ni nani aliyekuwa akifungua. Bwana akasema ni yeye, alikuwa anahakikisha tu kwamba moto haujazimika.

"Bosi," fundi akasema, "moto ulimaliza kazi siku ile tulipoziba. Matofali yalikuwa yameiva. Yalibaki kupoa tu, polepole, nawe umeyaingizia baridi yakiwa bado na joto."

Yalikuwa yameiva, wapendwa. Siku zote zile alichungulia kazi iliyokwisha.

Mazima yaliyobaki hayakutosha chumba. Mvua zikaingia wiki iliyofuata. Mama alikaa nazo hukohuko kwa mkwe, kikohozi kikamrudia, na katikati ya Desemba akaletwa kwenye kiwanja chake juu ya gari la mizigo, watu wakiimba. Yale maneno ya Jumapili alikwenda nayo. Na yale matofali mazima, kwa kuwa hayakuwa na kazi nyingine, ndiyo yaliyojengea kaburi. Kwa kaburi yalitosha.

Hapo mimi sina la kuchekesha.

Sisemi tanuri lilimuua mama. Mzee hukohoa, na mzee hufa. Nasema alikuwa na Jumapili moja nzuri, na mwanawe aliitumia kutazama tope. Ninyi na mimi, tanuri letu ni lipi? Yupo anayefungua simu mara arobaini kutafuta majibu ya vipimo ambayo daktari amesema yatatoka Ijumaa. Yupo anayerudi kutoka barabarani kutikisa kufuli alilolitikisa. Hata maombi yetu mengine ni kuchungulia: tunamwendea Mungu kila robo saa kuuliza kama bado anakumbuka tulichomwambia asubuhi. Kuangalia mara moja ni busara. Mara ya pili, basi, tusameheane. Lakini mara ya ishirini ni hofu inayoomba chakula, na ukiilisha leo, kesho inakuja na njaa kubwa zaidi.

Ikija, usijitukane kwamba huna imani. Iambie tu: nimekwisha kuangalia. Mikono itawasha, moyo utakwenda mbio. Iache hofu isimame hapo hapo ilipo, nawe menya ndizi, osha vyombo, msalimie jirani. Itachoka. Ikirudi, fanya vilevile tena. Na ikikuzidi nguvu kabisa usiifiche, mwambie mtu, nenda hata zahanati ukaseme, si aibu. Mimi nilimwambia mke wangu. Siku hizi pasi anaibeba yeye, na kila nikimuuliza kama ipo, hanijibu. Safari ya kwanza niliteseka sana. Ya pili nilianza kuona miti njiani.

Nilikuwa na hoja nyingine tatu leo. Naziacha. Matangazo katibu atayabandika ukutani. Saa nne na nusu haijafika, jua lipo, na kila mmoja wetu ana mtu wake mahali fulani ambaye leo ana nafuu, na ya kesho hatuyajui. Sitaki mnishike mkono mlangoni kama kawaida, tutapoteza muda. Nendeni mkamwone.