Uwanja Uliofagiwa Kila Asubuhi

Wapendwa, kaeni. Mliosimama kule nyuma sogeeni, nafasi ipo. Naona wengi mmechoka, na leo sitawapandishia sauti. Nitawapa habari ya uwanja wa mpira, kisha tutakaa pamoja kidogo, halafu twende nyumbani.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyetunza uwanja wa chuo cha ualimu, katika mji wa milimani wenye upepo mwingi. Uwanja ulikuwa uwanja kweli: jukwaa la saruji upande mmoja, magoli ya chuma, na mijakaranda iliyopandwa na walimu wa zamani kuuzunguka wote. Kilichokosekana ni nyasi. Pembeni zilikuwepo, zimeshonana kama manyoya ya kondoo. Lakini katikati, na hasa mbele ya magoli, ardhi ilikuwa tupu, nyekundu, ngumu kama sakafu. Timu za wageni hazikukosa la kusema. "Uwanja wenu una upara kuliko mkuu wenu wa chuo," walitania wakishuka kwenye basi, na wenyeji walicheka, kwa sababu mkuu wa chuo hakuwepo kusikia.

Mzee hakucheka. Ujana wake wote ulikuwa umeishia pale. Kila asubuhi, kabla wanafunzi hawajatoka kwenda mchakamchaka, yeye alikuwa amekwisha kuinama golini na ufagio wake wa chelewa. Mnajua tulivyolelewa. Nyumba ni ua. Mgeni akikuta ua haujafagiwa, hata umpe chai ya maziwa na maandazi ya moto, ataondoka na neno moyoni. Mama zetu walifagia mpaka alama za ufagio zikabaki kwenye vumbi kama nywele zilizochanwa. Basi mzee alifagia uwanja wa mpira namna ile ile. Majani ya mijakaranda, maua yake, nyasi zilizokatwa, vijiti, vyote alivisukuma hadi kwenye shimo nyuma ya jukwaa, akavichoma. Akimaliza, ungeweza kuanika ulezi golini na usiokote hata jiwe. Walimu wakipita walisema, "Mzee, hapa umepang'arisha." Naye alijinyoosha, akashika kiuno, akaitikia kwa kichwa.

Msidhani hakuhangaikia nyasi. Kila mvua zilipokaribia alishuka bondeni, akachimba ukoka, akaupandisha kwa toroli, akaupanda kwa mkono mbele ya magoli na kuumwagilia. Ukoka uliinua kichwa siku chache, kisha ukapotea. Akasema ni viatu vya njumu. Akasema ni mbuzi wa majirani. Akasema ni mahema ya mahafali, na tamasha la kwaya, na magari ya wageni yaliyoegeshwa katikati ardhi ikiwa bado mbichi. Na yote hayo yalikuwa kweli. Nani angembishia?

Sasa timu ya chuo ilikuwa na kipa, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Siku moja aliufuata mpira kwenye mwamba wa goli, akaanguka, bega likaipiga ile ardhi, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Mzee alikuwa jukwaani. Alisikia mlio wake. Alikuwa mmoja wa waliombeba, akimshika upande wa mkono mzima, na njia nzima hakuweza kumtazama usoni.

Mfupa uliunga. Kijana akarudi golini. Kisha, katika mechi ya kwanza, mpira mwepesi ukaja chini chini karibu na nguzo, naye akasimama wima akiuangalia mpaka ukaingia.

"Mleteeni kiti!" watu walipiga kelele jukwaani. "Nguzo ya tatu hiyo!"

Watu walipokwisha kuondoka, mzee alimkuta ameketi ameegemea goli, glavu ziko mapajani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mpira ule hukuuona?"

"Niliuona."

"Sasa?"

"Niliuona vizuri kabisa. Ila niliona na hapa." Kijana akapigapiga ardhi kwa kiganja. "Zamani nilikuwa naruka tu, mzee. Sikuwa nafikiri. Kipa akianza kufikiri, kwisha habari yake. Na mimi sasa nafikiri."

Mzee akatazama ile ardhi nyekundu, safi, haina hata jani moja. "Msimu ujao utakuta nyasi hapa," akasema. "Nakuahidi."

"Uliniahidi na mwaka jana, mzee." Aliyasema hayo bila ukali, kama mtu anayekwambia kifungo chako kimefunguka. Hapo ndipo yalipoumiza.

Basi mzee akazidisha kazi. Alipanda ukoka upya, mwingi kuliko miaka yote. Na kwa kuwa msimu ulikuwa wa majani kupukutika, akaanza kufagia asubuhi na jioni, ili hata jani moja lisiufunike ukoka wa yule kijana. Mpaka siku moja aliinama, akashindwa kuinuka. Wanafunzi wakampeleka nyumbani juu ya lile lile toroli la nyasi. Daktari akasema mgongo umechoka, alale, asiiname mpaka atakapoambiwa.

Chuo kikafungwa kwa likizo. Mvua zikaanza. Mzee akawa analala anasikiliza bati, na kila upepo ulipovuma aliona kwa macho ya moyo mijakaranda ikimwaga majani uwanjani. Kupumzika kwenyewe kulikuwa kazi. Kuna wenzangu humu mnaijua kazi hiyo.

"Leo nakwenda kuangalia tu," alimwambia mkewe.

"Kuangalia unakwenda na ufagio?"

"Majani yatakuwa yameoza kule. Wageni wakija je?"

"Wageni gani, baba? Chuo kimefungwa. Hata mkuu wa chuo yuko kwao anakula ndizi."

"Nimemwahidi yule kijana, mama watoto."

"Ulimwahidi nyasi. Hukumwahidi mgongo wako." Mama akauchukua ule ufagio, akaenda kuegeshea mlango wa banda la kuku. "Ukiutaka, kawaombe kuku."

Akalala. Likizo ikaisha hivyo, yeye kitandani, uwanja na mvua peke yao.

Siku chache kabla ya chuo kufunguliwa, daktari akamruhusu. Mzee akautoa ufagio bandani, akaenda taratibu. Alipofika langoni, moyo ukamshuka. Uwanja ulikuwa jalala. Majani yalilala juu ya majani, meusi, yamelowa, na maua yaliyooza, na vijiti. Mbele ya goli, mahali pale pa kijana, ndipo upepo ulipoyarundika zaidi. Miaka yote ya asubuhi zile, na mgongo wake, na mwisho wake ni huu. Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja golini, akatanua miguu, akausukuma ufagio.

Ufagio haukwenda.

Akausukuma kwa nguvu. Umenasa. Akadhani ni waya. Akapiga magoti polepole, kama daktari alivyomfundisha, akayaondoa majani kwa mkono.

Chini yake palikuwa na unyevu na joto kidogo, kama chini ya kuku anayeatamia. Na pale palikuwa na ukoka. Ulikuwa umetambaa kutoka pembeni, shina jembamba refu, na kila palipokuwa na kifundo ulikuwa umeshusha mzizi mweupe kama uzi. Akaufuata kwa kidole. Ukakutana na mwingine. Akaondoa majani mengine, na mengine. Goli zima, chini ya uchafu ule, ukoka ulikuwa umeshikana mikono. Wa kwake aliopanda ni upi, na uliokuja wenyewe ni upi? Hakuweza kujua.

Kisha akautazama ufagio. Kwenye njiti zake palining'inia kipande cha ukoka alichokuwa amekwisha kung'oa, na mizizi yake midogo ilikuwa bado imeshika udongo. Na mzee akakumbuka. Nyuzi zile aliwahi kuziona. Aliziona asubuhi nyingi sana, zimenasa kwenye chelewa hivi hivi, na kila mara alizikung'uta shimoni pamoja na takataka nyingine.

Akakaa chini, hapo hapo golini.

Mwalimu wa michezo, mama mmoja mchangamfu, akamkuta pale. "Pole na mgongo, mzee wangu. Umeanguka?"

"Sijaanguka, mwalimu. Nimekaa."

"Basi usijisumbue. Wanafunzi wakija nitawapa fagio wamalize kazi hii yote. Pamechafuka kweli, na tuna wageni karibuni."

Ndugu zangu, mnaona mzee alipofika? Akinyamaza, heshima yake inabaki. Uwanja utafagiwa, mgonjwa atapewa pole, na mwakani atalaumiwa mbuzi. Akisema, basi anasema juu ya asubuhi zake zote. Anasema na juu ya mfupa wa yule kijana.

"Usifagiwe," mzee akasema.

"Usifagiwe? Na anayesema hivyo ni wewe?"

"Ni mimi. Maana ni mimi niliyekuwa naung'oa." Akamnyooshea ule ufagio na kile kipande cha ukoka.

Mwalimu akatazama. Alirudi nyuma pole pole, akiangalia pa kukanyaga.

Siku ya kufungua chuo kipa alikuja uwanjani begi likiwa bado mgongoni. Majani yalikuwa yameanza kukaa chini, na kijani kilikuwa kimetokeza juu yake. Haukuwa uwanja wa kifahari. Upara ulikuwa bado upo hapa na pale. Kijana akasimama golini akigeuza macho.

"Mzee, hapa pamekuwaje?"

"Anguka."

"Nini?"

"Anguka, nikuone."

Kijana akacheka kidogo, akatua begi. Akasimama karibu na nguzo, akakaa hivyo kwa muda, na mzee hakumharakisha. Kisha, pasipo mpira, pasipo mtu wa kumshangilia, akajiachia upande wa bega lile lililovunjika. Akatua.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Pana ubaridi," kijana akasema. Na akabaki amelala pale.

Habari yenyewe ni hiyo. Mimi simcheki mzee yule, wala msimcheke. Hakuwa mvivu, hakuwa mwovu. Alifagia kwa upendo mpaka mgongo ukamshinda, na kila aliyepita alimsifu. Ni nani angemwambia kwamba usafi wake ndio ulioacha ardhi uchi?

Na sisi je? Mtoto wetu mlevi juzi alirudi mapema. Ananuka, ndiyo, lakini amerudi mapema, na kwa miaka hakuwahi. Tulimpokea na nini mlangoni, kama si ufagio? Mume amekosa, hajui kuomba radhi, akanunua mkate akauacha mezani bila neno. Tukasema, hiyo ni radhi gani? Tukaukung'uta shimoni. Na wewe mwenyewe, uliyelala jana umechoka, ukaanza sala ukaishia katikati. Leo unaihesabu sala ile kuwa uchafu. Ulijuaje kwamba haikuwa imeshusha mzizi?

Wakati mzee amelala anahesabu majani asiyoyafagia, kuna aliyekuwa kazini. Hakumsubiri mzee apone.

Sisemi msifagie nyumba zenu. Kama mama mkwe anakuja kesho, amka mapema, fagia. Nasema juu ya pale mahali pamoja unapopahangaikia kila siku, palipowahi kumuumiza mtu, pale ulipoahidi kwamba patapona. Paache kidogo. Kubali pachafuke mbele ya macho ya watu, na uone.

Na kuna jambo moja nilitaka kulificha mpaka mwisho, kwa sababu linatuhusu sote tuliomo humu. Asubuhi hii wamo watu walioingia kama yule kipa. Mpira wanauona. Wanajua kabisa wanachopaswa kufanya, na wangetaka kufanya. Wanachoogopa ni kuanguka hapa kwetu. Wametutazama, nguo zetu zimepigwa pasi, midomo yetu imenyooka, hatuna hata jani moja juu yetu, na wamejiambia: pale chini ni pagumu, nitavunjika. Kwa hiyo wamesimama wima tangu ibada ianze, na sisi tunadhani wako imara.

Hebu tukae kimya kidogo, kila mtu na mahali pake. Wanakwaya, nawaona mmeshashika vitabu, wekeni chini. Msiufagie ukimya huu. Tutaimba baadaye.