Chiriku Amesema Umekufa

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmenuna? Watoto sogeeni. Na nyinyi wakubwa, hiyo redio izimeni kwanza. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na ndege wakitangaza, alikuwepo nguchiro mmoja wa kike, jina lake Sikudhani. Kwao ni Bonde la Mikwaju. Lakini kwao hakukaa. Alivuka mto, akaenda nchi ya Vichuguu, kwa ngedere, kufanya kazi. Kazi gani? Kuua nyoka. Ngedere wanavyoogopa nyoka, we acha tu! Wakiona hata kamba wanapanda mtini. Sikudhani akiua nyoka mmoja, anapewa mayai mawili. Maisha yakaenda.

Basi vita vikazuka. Nyani na ngedere waligombea kivuko cha mto, pale penye mawe makubwa. Nyani huku, ngedere kule. Mawe yanaruka. Vuu! Pu! Vuu! Pu! Vita vya kweli, si mchezo. Lakini vilikuwa pale kivukoni tu. Alikokaa Sikudhani ni mwendo wa siku nzima kutoka pale. Huko wenyewe wanalima, wanaoana, wanagombana kwa sababu ya kuku. Nyoka wanauawa kama kawaida.

Sasa kule kwao kuna Chiriku. Ndiye mtangazaji wa bonde. Kila asubuhi anatua juu ya mkwaju, anapaza sauti, na wanyama wote wanatoka kusikiliza. Mto hajauvuka tangu azaliwe. Lakini siku moja aliona moshi ng'ambo. Ngedere wa Vichuguu walikuwa wanachoma magugu shambani, basi. Chiriku akajaza kifua.

"Chiri-chiri-chiri! Vichuguu inateketea! Vichuguu yote! Hakuna kilichobaki!"

"Lo!" wakasema wanyama.

Kesho yake wakaja wengi zaidi. Chiriku akawatazama, akaona, ah, kumbe hivi! Akaongeza. Siku ya pili mto umejaa damu. Siku ya tatu ngedere wanakula watoto wao. Wasikilizaji wakapandiana migongoni.

Na mama yake Sikudhani, Bi Mize, mzee wa watu, anasikia yote hayo. Anarudi tunduni mwake, anajikunyata. Wakimletea panzi, hataki. Wakimletea yai, analiweka pembeni.

Aliyekuwa akipeleka salamu ni Njiwa. Sikudhani alimtuma, "Mwambie mama nipo salama, vita viko mbali na mimi." Njiwa akaenda, akarudi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Kasemaje?"

"Kasema unamficha. Kasema unamdanganya ili asiumie roho."

Sikudhani akacheka. "Rudi! Mwambie nimenenepa!"

Njiwa akaenda, akarudi. Safari hii hakutaka kumtazama usoni.

"Mama yako mbavu zinahesabika, Sikudhani. Leo siku ya sita hajatia kitu kinywani. Mimi namwambia polepole, sikioni. Chiriku anapiga kelele juu ya mti. Nitashindana naye mimi?"

Sikudhani hakucheka tena. Mama anakufa, tena anakufa kwa vita ambavyo mwanawe hajaviona hata kwa jicho.

"Nakwenda mwenyewe," akasema. "Anione kwa macho yake."

Mzee Tindo, ngedere aliyemkaribisha nchini, akashika kichwa. "Mwanangu, una wazimu? Njia ni moja, nayo inapita kivukoni. Hapa uko salama. Unafuata nini kule?"

"Najua, baba. Lakini nisipokwenda, mama ndiye atakayekufa."

Akaenda. Kesho yake, jua la utosini, akafika kivukoni. Kimya. Hakuna ndege, hakuna chura. Harufu ndiyo iliyompokea. Akaona nyani amelala majini, uso chini, maji yanampitia. Akaona mama ngedere amempakata mtoto, anamtoa chawa, na mtoto amekwisha kufa. Hayo Chiriku hakuyatangaza. Angeyajulia wapi? Sikudhani akajilaza, akatambaa. Hatua moja, kimya. Hatua mbili, kimya. Hatua ya tatu...

Vuu! Pu!

Jiwe likampasua sikio.

"Ngedere huyo!" wakapiga kelele nyani.

"Nyani huyo!" wakapiga kelele ngedere.

Pande zote mbili zikamrushia yeye. Vuu! Pu! Vuu! Pu! Sikudhani akajitupa majini, chubwi! Maji yakamgonga mwamba huu, yakamgonga mwamba ule. Alimwita mama yake humo humo majini, akameza maji. Mto ukamtapika ng'ambo, upande wa kwao, damu inamchuruzika.

Mwewe alikuwa akipita juu. Alimwona nguchiro akiingia majini. Kungoja amwone akitoka? Hakungoja. Aliruka moja kwa moja hadi kwa Chiriku.

Sikudhani akachechemea siku mbili, bila kula. Alipoingia bondeni asubuhi, akawakuta majirani wamekaa matanga. Matanga ya nani? Matanga yake yeye!

"Uuuwi! Mzuka!"

Chakacha, chakacha, wote vichakani.

Nguchiro wa bonde lile wana desturi yao. Marehemu akirudi kubisha hodi, haitikiwi, na tundu linazibwa kwa udongo. Ukimwitikia tu, anakuchukua. Sikudhani akafika kwa mama yake, akakuta tundu limezibwa.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Mama, ni mimi, Sikudhani."

Akatega sikio lake lile zima. Akasikia meno ya mama yake yanagongana ndani. Mama anamwogopa. Jamani, mawe ya kivukoni hayakumtisha Sikudhani kama meno yale.

"Usiitike, Bi Mize!" Chiriku akapiga kelele mtini. "Amekufa huyo! Nimesema amekufa!"

Sikudhani akakaa chini, akalia kama mtoto mdogo. "Mama, nina njaa."

Kisha udongo ukamomonyoka, tifu. Mkono ukatoka, mifupa mitupu, umeshika yai.

"Kama ni mzuka, nichukue," Bi Mize akasema. "Lakini kula kwanza, mwanangu."

Sikudhani aliukamata mkono ule akaulamba.

"Ulimi wako wa moto," mama akasema. "Sikudhani? U mzima?"

"Mzima, mama!"

Bi Mize akalibomoa lile dongo lote kwa kucha zake. Wakakumbatiana, wakalia, wakapasua yai, wakala pamoja.

Je, Chiriku alikiri? Thubutu! Alimeza mate, akajaza kifua.

"Chiri-chiri-chiri! Mzuka umeingia bondeni! Umemmeza Bi Mize! Kimbieni ng'ambo!"

Kwamba ndiye aliyesema ng'ambo kumeteketea, hakuna aliyekumbuka. Majirani wakatoka vichakani, wakabeba watoto, wakashika njia ya kivukoni. Sikudhani akatoka mbio. "Msiende huko! Mimi nimetoka huko! Kuna mawe, kuna maiti, rudini!" Kila alivyowafuata, ndivyo walivyozidi kukimbia.

Funzo lake, wakubwa kwa watoto, ni hili: habari ya vita muulize aliyetoka huko, usimwamini mwenye sauti kubwa ambaye hajafika.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aende nayo, ila asiitie chumvi.