Jumapili Ambayo Ndaziona Hakusimama

"Rupia arobaini, Mama Persida! Arobaini! Unataka nikaziokote wapi, barabarani?"

Waliotutangulia katika imani wanatuhadithia kwamba maneno hayo aliyasema Mzee Zefania, mweka hazina wa kanisa, akiwa mlangoni pa nyumba ya waliokombolewa, kofia mkononi, jasho likimtiririka. Zilikuwa siku zile watu walipokuwa wakinyakuliwa bara na kuuzwa pwani kama mbuzi, na kanisa dogo la mahali hapo likawapokea waliofunguliwa. Mlezi wa nyumba hiyo alikuwa Mama Persida, Mola amrehemu. Naye aliwahi kuuzwa, angali mtoto, na kovu la mnyororo aliingia nalo kaburini.

Ilikuwa desturi kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi wageni wenye nafasi waje kutoka mjini. Mmoja wa waliokombolewa husimama mbele, akaeleza alivyokamatwa na alivyopigwa, watu wakalia, kisha kapu la sadaka likapita. Likirudi na rupia arobaini, wanawake kumi na mmoja wa nyumba ile wanakula mwezi mzima. Zamu hii ilimwangukia Ndaziona, mwanamke kijana kutoka upande wa Nyasa, aliyekuwa pale miezi sita bila kumwambia mtu yeyote yaliyomkuta.

"Mlango ukigongwa kwa nguvu anajificha nyuma ya mitungi," Mama Persida alisema. "Nimsimamishe mbele ya umati?"

"Aseme kidogo tu, alie kidogo. Mbona wewe ulikuwa hodari? Watu wa mjini wanakuulizia mpaka leo."

Hapo alimgusa penye donda. Ni kweli, alikuwa hodari. Alikwisha kusimama mara ishirini na mbili. Mara ya kwanza alisema kweli tupu. Kufikia mara ya tano alikwisha kuona kwamba machozi huzidi anapofika pale mama yake alipomkimbilia akilia, basi akaongeza mto, na mama akiingia majini mpaka kifuani.

"Kapu likirudi tupu," Mzee Zefania alisema akivaa kofia, "utawapikia subira hao!"

"Nitaipika. Na wewe nitakuletea bakuli."

Mama Persida alipogeuka, alimkuta Ndaziona ameketi uani na ungo mapajani, anapepeta mtama wa mwisho. Alikuwa amesikia yote.

"Mama, nitasimama."

"Nani kakulazimisha?"

"Nimekula kwenu miezi sita. Nimelalia mkeka wenu. Bwana wangu wa pili naye alikuwa akinihesabia hivyohivyo, kila kibaba. Najua nadaiwa."

Mama Persida akamsogelea. Akaketi chini mavumbini, akauweka ungo kando, akaishika mikono ya binti yule. Ilikuwa baridi, jua limewaka vile.

"Mwanangu, hapa hakuna anayekudai."

"Basi kwa nini asiposimama mtu, hatuli?"

Swali hilo alilala nalo na kuamka nalo, akimwomba Mwenyezi Mungu jibu. Wanawake kumi na mmoja walimtegemea kwa chakula, na mtama uliobaki haukutosha hata siku tatu.

Jumapili ikafika, kanisa likajaa. Mzee Zefania akatangaza ushuhuda. Ndaziona akainuka. Mama Persida akamshika bega, akamketisha taratibu kama mtu anavyomlaza mtoto, akaenda mbele yeye.

"Ndugu zangu," akasema, "wengi mmenisikia nikisimulia habari ya mama yangu na mto. Hapakuwa na mto. Niliuongeza kwa sababu mliupenda. Mungu anisamehe, na ninyi mnisamehe. Nimeusimulia mara nyingi hata sasa nikifumba macho kumtafuta mama yangu namwona majini, mahali ambapo hakuwapo kamwe. Mahali pake penyewe sipaoni tena."

Kisha akaendelea:

"Leo hakuna atakayelia mbele yenu. Bwana Yesu aliwagawia watu mikate nyikani, wala hakumsimamisha mtu kwanza aeleze njaa yake. Tuko kumi na wawili, tuna njaa, mtama umekwisha. Ni hayo tu."

Kapu lilirudi na rupia tisa. Wageni wengine waliondoka wakinung'unika kwamba wamesafirishwa bure. Juma lile nyumba ilikunywa uji mwepesi kama maji ya kuoshea, na Mama Persida alisema cha kwake alikwisha kunywa jikoni, jambo ambalo, Mola amsamehe, halikuwa kweli.

Siku ya sita Mzee Zefania akaja na punda aliyebeba magunia mawili ya mtama kutoka ghala lake mwenyewe.

"Usinishukuru," akasema. "Bado nina hasira."

"Nani kakushukuru? Shusha."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesimamishwa tena mbele ya kapu. Kulikuwa na miezi ya kushiba na miezi ya dhiki. Kisha, baada ya mwaka na zaidi, Mama Persida akimsuka nywele Ndaziona, binti yule alianza kusema mwenyewe, polepole, mpaka nywele zikaisha na akaendelea kusema. Aliyoyasema binti yule, Mama Persida hakumwambia mtu. Mimi siyajui, wala wewe huna haja ya kuyajua.

Ndugu muumini, siku hizi pia watu wanauzwa, na wako wanaookolewa na kuletwa makanisani mwetu. Tunawapa godoro na sahani ya wali, kisha tunawaita mbele walie ili sadaka iongezeke, tukiita huo ushuhuda. Sina maneno ya kupamba. Aliyeuzwa hana deni kwetu, hata la shukrani. Chakula chake, dawa yake na kimya chake ni haki yake, na sisi ndio tunaodaiwa. Tulipe.