Kwa Nini Marejea Hupiga Kayamba

Niwieni radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Bibi yangu, Bi Nambua, aliisimulia watu wakasahau chungu motoni. Nikiisimulia mimi, watu hukumbuka chungu. Lakini mmenikaribisha hapa bandani, nimejipatia kiti laini pembeni, na huyu farasi wenu Kishindo amenitegea masikio yote mawili tangu nilipoketi. Msikilizaji wa namna hii haachwi hivi hivi.

Zamani hizo mimea yote ilikuwa bubu, na Farasi alikuwa hasikilizi kitu akila. Aliinamisha kichwa asubuhi, akakiinua jioni, masikio yamelala kama ya mbwa aliyekemewa. Aliamini kwamba kila cha kijani ni chake. Na katika uwanda wa malisho yake uliota marejea, mmea wa maua ya njano, wenye maganda yaliyovimba kama vidole vya mtoto mnene.

Siku moja mtoto wa kwanza wa Farasi akayavamia maganda yale, akala akashiba. Hakuumwa. Sumu ya marejea haina haraka. Huingia kama mgeni mpole, hukaa ndani ya ini, ndipo huanza kupanga vitu upya. Baada ya muda kijana akaanza kupiga miayo mchana kweupe. Akakonda. Akawa anaweka paji la uso kwenye shina la mti na kusukuma, kama anayetaka kuuhamisha. Mwisho akaanza kutembea, moja kwa moja mbele, haoni shimo, hasikii jina lake, mama yake yuko nyuma anamwita. Akaingia korongoni. Hapo sina mzaha wa kutia.

Farasi akabaki na mtoto wa pili, wa kike, aliyekuwa karibu kuachishwa ziwa. Siku yoyote angeanza kula majani. Basi mama akaenda kwa Marejea, mguu umeshainuka.

“Umeniulia mwanangu. Leo nakukanyaga mpaka mizizi!”

“Kanyaga, dada,” Marejea akajibu. “Utanipandia mbegu kwa kwato zako. Ila niambie, nani alimfuata mwenzake? Mimi sina miguu. Mwanao alikuja na meno, akawakuta wanangu wamelala ndani ya ganda. Wewe ukimwona chui una teke. Mimi nina nini zaidi ya sumu yangu?”

Mguu wa Farasi ukabaki hewani.

Hapo akatokea mjomba wa mtoto, Punda, ambaye hajawahi kupita penye ugomvi bila kuingia. “Shusha mguu, dada. Nawe Marejea, punguza ulimi. Mimi huyu nimeshasuluhisha kupe na masikio yangu!”

“Wakaacha kukunyonya?” Farasi akauliza.

“Hapana. Lakini tunaheshimiana.”

Punda akasema sumu ibaki, maana ni ngao ya mwenye watoto; ila mwenye sumu awe na adabu ya kupiga hodi kabla hajaliwa. Marejea akasema hana mdomo.

“Una watoto,” Punda akamwambia. “Umeona wapi watoto wakatulia chumba kimoja? Waachie wacheze.”

Marejea akafikiri, akakubali. Akaziachia mbegu zake zikabaki huru ndani ya ganda kavu, na upepo ulipopita zikalia chaka-chaka, kama kayamba. Binti Farasi, aliyekuwa ameshanyoosha mdomo kwenye ganda, akaruka nyuma. Masikio yake yakasimama wima, ya kwanza kusimama katika ukoo wao. Ndipo mama yake akashusha mguu.

“Na yakiwa mabichi?” akauliza. “Ganda bichi mbegu haichezi.”

Lilikuwa swali la maana kuliko yote ya siku ile, na hakuna aliyelisikia. Punda alikuwa ameanza kujishangilia, hi-hoo, hi-hoo, uwanda mzima. Alipokuja kuvuta pumzi, Marejea ameshafunga mapatano.

Na tangu siku hiyo marejea hulia ganda likikauka, na hunyamaza likiwa bichi. Farasi naye hula masikio juu, moja mbele, moja nyuma. Pengo aliloliacha Punda tunaliziba sisi. Mvua zikianza tunaingia malishoni kung’oa miche ya marejea kabla haijatoa ua, na majani yaliyokatwa hayamfikii farasi mpaka mwenye kumlisha ayatikise karibu na sikio lake, wasikilize wote wawili. Farasi aliyelelewa vizuri hagusi majani ambayo hayajatikiswa.

Watu humlaumu Punda kwa kupiga kelele mwenzake akiwa na jambo la kusema. Hata mimi nilikuwa nakaribia kumlaumu, mpaka sasa hivi nilipomtazama Kishindo vizuri. Masikio bado yako kwangu, kweli, lakini macho yake yanaangalia chini kidogo ya mgongo wangu. Jamani, huyu hakuwa anasikiliza hadithi. Anangoja kutikisiwa majani tangu nianze, nami nimeyakalia.